Vyuma Kutoka Mahameni

Mdogo wangu alifika Makambako na basi la asubuhi akiwa na kiroba begani, na kabla hata ya salamu alikibwaga mbele ya mlango wa jiko langu kwa kishindo kilichowageuza shingo wateja wote wa chai.

"Dada, nimefanya kama mama alivyosema," akasema, jasho likimtoka pamoja na baridi yote ile. "Sijatupa hata kimoja."

Alikuwa anatabasamu. Nikiukumbuka ule uso wake nashindwa kumkasirikia sawasawa, ingawa Mungu ni shahidi yangu kwamba nimejaribu.

Kirobani mlikuwa na vyuma vya kutu, vimechimbuliwa Kichiwa kwenye kiwanja ilipokuwa nyumba ya kwanza ya wazazi wetu. Siku hizi tunapaita mahame. Hakuna ukuta, hakuna jiwe la msingi, hakuna chochote cha kukuonyesha kwamba watu waliwahi kupika na kugombana na kupatana mahali pale. Mimi na mdogo wangu hatukuwahi kulala katika nyumba hiyo. Tulizaliwa baadaye, kijijini chini, karibu na barabara. Aliyezaliwa kule juu ni mmoja tu, dada yetu mkubwa, na ndiye bado yuko huko.

Ngoja nieleze vizuri, maana jambo lenyewe linataka utaratibu.

Mama si wa Ubena. Baba alimtoa Upangwani, upande wa Lugarawa, na mama alikuwa binti wa mhunzi. Babu yangu huyo alifua majembe, visu na mikuki ya kuwindia nguruwe, kwa chuma cha vilima vya kwao kule kuelekea Liganga, mpaka majembe ya dukani yalipofika kwa wingi na kumnyamazisha. Mama alikua akivuta mivukuto ya baba yake. Kwa hiyo alijua chuma kama mimi ninavyojua unga wa ngano. Ukimpa kisu alikuwa anakinusa kwanza, halafu anakigonga kwa ukucha, ndipo anakiangalia. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka kwa tabia hiyo, na yeye alikuwa anatuambia tuendelee kucheka, meno ni yetu.

Alipoolewa alikuja Kichiwa, akajengewa nyumba ya miti na udongo juu ya kilima, paa la nyasi, jiko nyuma. Hapo akamzaa binti yake wa kwanza. Mtoto alipoanza kutambaa babu alimtumia njuga moja, ndogo, aliyoifua kwa mkono wake, na mama akamfunga mguuni kwa uzi. Alikuwa akilima bustani huku anamsikia mwanawe alipo. Sauti ikienda upande wa kihenge cha mahindi, anajua yuko kwenye kihenge. Ikinyamaza, anatupa jembe na kukimbia. Mtoto akajifunza kusimama, akajifunza kutembea, na kabla hajazoea miguu yake akashikwa na homa, akafa.

Wakati ule mtoto mdogo namna ile alizikwa na wanawake. Hapakuwa na matanga marefu wala kaburi la kuinuliwa. Walimlaza nyuma ya jiko, mahali ambapo matone ya paa hayafiki, wakasawazisha udongo, wakanawa mikono. Baba alitaka njuga ifunguliwe ihifadhiwe kwa ajili ya mtoto atakayefuata. Mama akakataa. Alisema aende nayo, asije akapotea huko aendako na mama yake asimsikie.

Hili la njuga mdogo wangu halijui. Mama aliniambia mimi peke yangu, jikoni, nilipopoteza mimba yangu ya kwanza na kujifungia siku nzima sitaki kula. Hakunipa pole. Alikaa akamenya viazi na kunisimulia habari za mtoto wake, mpaka nikanyanyuka nikachukua kisu na kumsaidia kumenya. Ni mambo ambayo wanawake wa kwetu wanaambiana wao kwa wao, na hayatoki hapo.

Sasa baba, kwa kuwa hakuruhusiwa kuzika, alitafuta la kufanya. Akapanda muwati mmoja upande wa kichwa cha mtoto, uwe alama. Sijui kwa nini hakuweka jiwe. Au najua. Miaka ile kila mtu Njombe alikuwa anapanda miwati, ulikuwa mti wa kisasa, magamba yake yalinunuliwa, unakua haraka na kunyooka. Alimpa binti yake mti mzuri kuliko yote aliyoifahamu. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyohivyo, na angekosea hivyohivyo.

Kwa sababu baadaye ikaja amri watu wote wahamie vijijini. Baba akaezua nyumba yake mwenyewe, akabeba milango na boriti, wakashuka kule chini. Huku nyuma mahame yakapitiwa na moto wa kiangazi, na muwati ukiungua mbegu zake ndiyo zinaamka. Mama aliporuhusiwa kwenda kulima tena kule juu alikuta vichipukizi vya miwati vimeota kama mahindi, kilima kizima, vyote kimo kimoja. Alama ya mwanawe ilikuwa imezaa msitu. Alizunguka humo mpaka miguu ikachubuka, kisha akarudi nyumbani akapika kama kawaida. Baba hakumuuliza kitu. Alikufa bila kumuuliza.

Miaka ikapita, mama akazeeka, macho yakaingia ukungu mpaka hakuona ila mwanga wa dirisha. Nikamchukua nikaja naye hapa Makambako, kwenye mgahawa wangu wa chai na chapati karibu na njia panda ya kwenda Songea. Hapo ndipo alipoanza kuomba. Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba omba; hata chumvi alikuwa anaona haya kuazima. Lakini hili alilirudia kila wiki: kabla sijafa nataka kujua mwanangu amelala wapi, na nikifa mnilaze karibu naye.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa ameshakata miwati yote ya kilimani akachoma mkaa, na sasa alitaka kupanda parachichi, kama Njombe nzima. Nilimpigia simu nikamwambia asiguse kilele mpaka mama afike. Hakubisha. Ana moyo mzuri, tatizo lake liko juu ya shingo.

Tulimpeleka mama kwa gari la kukodi. Alishuka, akasimama kwenye visiki na fimbo yake, upepo unampiga blanketi. Akanusa. Akauliza mto uko upande gani, nikamgeuza. Akauliza jua liko wapi, nikamgeuza tena. Akapiga hatua mbili tatu, akasimama, akarudi alipokuwa. "Nyumba yangu ilikuwa wapi?" akaniuliza mimi, ambaye sikuwahi kuiona. Nililia palepale, na nilishukuru kwa mara ya kwanza kwamba macho yake hayaoni.

Lakini binti wa mhunzi hakuishiwa ujanja. Tukiwa garini alimwambia mdogo wangu hivi: "Baba" (ndivyo anavyomwita mwanawe wa kiume anapomdekeza), "mkichimba mashimo mtakuta vyuma. Miti imeoza, nyasi zimeoza, lakini vyuma vya nyumba yangu viko humo. Msitupe hata kimoja. Mtaniletea, nitawaambia hiki kilikuwa cha mlango, hiki kilikuwa cha jikoni, na hapo mtajua mlango ulikuwa wapi na jiko lilikuwa wapi. Jiko likishapatikana, mimi nitafika kwa mwanangu hata nikiwa nimefumba macho."

Nilimwona mdogo wangu anaitikia kwa kichwa, na niliamini ameelewa. Jambo lenyewe nililiona wazi kama mchana. Bawaba ya mlango haikai jikoni. Palipo na bawaba ndipo penye mlango. Nani angehitaji kuelezwa zaidi ya hapo?

Basi siku aliyokuja na kiroba nilifunga chai mapema, nikamkalisha mama kwenye mkeka barazani, juani, nikaleta beseni la maji na brashi ya kufulia. Mdogo wangu akamimina vyuma kwenye gunia. Nikachukua cha kwanza nikamuuliza, kwa utulivu kabisa, kimetoka shimo gani.

"Shambani," akasema.

"Najua shambani. Shimo gani?"

"Dada, mashimo yako mengi."

"Hukuweka alama?"

"Alama ya nini? Mama alisema tusitupe. Sikutupa. Kila tulichokuta nilikitia kirobani."

"Na hayo mashimo yako wapi sasa?"

Akanitazama kama ninamtega. "Tumeshapanda, dada. Miche ilifika, mvua ilishaanza. Ningeiacha ife?"

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilimwambia kichwa chake ni cha kufugia nywele. Nilimwambia amemzika dada yetu mara ya pili. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika hapa, na wateja wawili waliokuwa wamebaki walilipa chai wakaondoka bila kuimaliza. Yeye alikuwa amesimama na kile kiroba kitupu mkononi, akikikunja, akikikunjua. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaelewa mama alitaka nini. Akajifuta macho kwa kile kiroba, mwanaume mzima mwenye watoto wa sekondari.

"Mwache mwenzio," mama akasema. "Nipeni vyuma vyangu."

Alianza na bawaba. Nilikuwa nimeiosha, lakini alinirudishia akasema sijasugua vizuri upande wa ndani. Alipoipata tena aliinusa, akaipitishia kidole gumba. "Ya mlango wa mbele, ya juu. Hii ilikuwa inalia. Baba yenu alikataa kuitia mafuta, alisema ndiyo mlinzi wetu." Akanyoosha uso kwa mdogo wangu. "Ulikuwa wapi, mlango wangu?"

"Sijui, mama."

Akaiweka pembeni taratibu. Akapokea kingine, kipande kilichopinda, kizito, chenye kitu kama kichwa cha kuku. Mdogo wangu, akijaribu kuchangamsha, akasema hicho lazima kiwe cha Mjerumani. Huko kwetu kila chuma kikiokotwa ardhini ni cha Mjerumani, na kila Mjerumani alifukia dhahabu. Mama akacheka kweli.

"Mjerumani gani! Hii pasi yangu ya mkaa. Hiki ni kile kijogoo cha mbele, cha kufungulia." Akatusimulia jinsi alivyounguza shati jeupe la baba asubuhi ya kumbariki mtoto kanisani, alama ya pasi mgongoni, na baba akavaa sweta ibada nzima katika joto la mwezi wa kumi na moja, jasho linamchuruzika, akimwambia mchungaji ana malaria. Tulicheka wote watatu. Halafu mama akauliza tena, kwa sauti ileile, "Nayo mliikuta wapi? Ilikuwa inakaa jikoni, kwenye kona." Na kicheko kikaisha.

Ikaja kengele ya baiskeli, kile kifuniko chake tu. Baba alikuwa akiipiga akiwa bado kwenye kona ya chini, na mama akisikia anabandika maji ya ugali. Likaja komeo. Ikaja koroboi iliyobonyea, ikaja kufuli ambayo ufunguo wake walipoteza wiki ileile waliyoinunua, wakawa wanaining'iniza mlangoni kuwatisha wageni. Kila kimoja alikijua. Wala hakufikiri. Alikuwa anashika na kusema, anashika na kusema, na mimi nikaiona nyumba ikisimama mbele yangu pale barazani, na mlango wake, na moshi wake, na watu wawili vijana ndani yake wanaotaniana. Nilikuwa sijawahi kuiona namna hiyo. Lakini ilisimama hewani. Hatukuwa na mahali pa kuiweka. Baada ya koroboi mama aliacha kuuliza kilikuwa wapi, na kule kuacha kwake kuuliza kuliniumiza kuliko maswali yote.

Karibu na mwisho alipata jembe, au kilichobaki cha jembe, limelika likawa kama kiganja. Alikaa nalo kifuani. "Hili la baba yangu," akasema. "Nilikuja nalo nilipoolewa." Akaligonga kwa ukucha, akatusogezea. "Pitisheni kidole gumba hapa. Chuma cha dukani kiko sawa kote. Hiki kina mawimbi. Kila wimbi ni pigo moja la mkono wa baba. Mnasikia?"

Nilipitisha kidole. Chini ya kutu kulikuwa na vishimo laini, vimefuatana, na mara nilipovijua sikuweza tena kutovijua. Mdogo wangu naye akapitisha, akasema, "Kweli, mama. Yapo." Tulikuwa tumemgusa babu ambaye hatukuwahi kumwona, na kwa dakika ile moja nilimsamehe mdogo wangu kila kitu.

Kikabaki kimoja. Kilikuwa kidogo, donge la udongo mgumu ukubwa wa plamu mbichi, na hata sikukiona kama chuma. Nilikichovya kwenye beseni, nikasugua. Udongo ukaachia kidogo, ikatokea duara, ukatokea mwanya mwembamba upande mmoja. Upande wa pili kutu ilikuwa imetoboa. Nilikipeleka mkononi kwa mama huku kidole changu kikipita juu yake, na kikakutana na mawimbi.

Nilitaka kukirudisha lakini vidole vya mama vilikuwa vimeshakifunga.

Hakukinusa. Hakukigonga. Alikishika tu. Kidole gumba kikaingia kwenye ule mwanya, kikasukuma udongo wa ndani, polepole, mpaka kitu kikasogea humo. Ikatoka sauti moja, kavu, ndogo. Mama akafumba ngumi.

Upepo wa Makambako ulikuwa unapiga bati la jirani. Mdogo wangu alikuwa anakusanya vile vyuma vingine, anavipanga kwa adabu kana kwamba sasa kupanga kungesaidia.

"Na hicho ni nini, mama?" akauliza.

"Hiki sikijui," mama akasema.

Mama yangu. Binti wa mhunzi, aliyejua bawaba kwa harufu.

"Labda ni cha mbuzi," mdogo wangu akasema. "Watu walikuwa wanafunga mbuzi."

"Labda."

Akageuza uso akanielekea mimi. Haoni, lakini alijua nilipokaa, na alijua kwamba mimi najua. "Mwanangu," akasema, "nenda kaangalie chai yako isimwagike."

Hapakuwa na chai motoni. Niliinuka nikaenda jikoni, nikaegemea mfuko wa unga, nikaziba mdomo kwa kitenge. Mimi mwenye mdomo. Nilikuwa nimetukana asubuhi nzima kwa sababu hatutajua kaburi liko wapi, kumbe limeshachimbwa. Limeshachimbwa, limetiwa samadi, limepandwa mche, na aliyeshika jembe ni mtoto wa tumbo moja naye. Na mama, aliyetaka kitu kimoja tu duniani, alikipata mkononi na kukikana palepale, ili mwanawe huyu apate kula mchana akaondoka salama.

Nilimsikia barazani anambariki. "Umejitahidi, baba. Imetosha sasa. Mungu akuongezee." Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi, anaomba radhi kwamba hakufikiria, na mama anamwambia hajakosea kitu. Akasema hata kama angeweka alama, nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, labda tusingeipata. Alidanganya vizuri sana kwa mtu asiyezoea.

Jioni nilimsindikiza mdogo wangu stendi. Nilijiapiza nisiulize, nikauliza. Nilijifanya ni maneno ya njiani tu: kile kidude kidogo alikiokota nani?

"Mimi mwenyewe. Jembe liligonga nikadhani kokoto."

"Shimo lipi?"

"La mstari wa katikati, nadhani. Kwenye mstari huo." Akawaza kidogo. "Nakumbuka kwa sababu pale udongo ulikuwa laini. Nilikuwa nimechoka, lile shimo nikalifurahia."

Nikamnunulia maji na mkate, nikampandisha basi. Alipunga mkono dirishani mpaka gari likakata kona.

Siku iliyofuata nilimkabili mama. Nikamwambia nitamweleza mdogo wangu, ang'oe miche ya mstari ule, mchungaji aje, tuombe, tupaheshimu mahali pale. Nilisema ni haki ya marehemu. Mama alikuwa amekaa kitandani, na kwenye ncha ya kitenge chake alikuwa amefunga fundo, dogo, gumu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ukimwambia, ataishije?" akasema. "Utamrudishia nini baada ya hapo? Huyu naye ni mwanangu. Yule nimeshamlilia, nimemaliza. Huyu bado anatembea."

"Na wewe, mama? Ulitaka tukulaze karibu naye."

"Mtanilaza hukohuko shambani. Popote." Akashika fundo lake. "Nitamsikia."

Hakuomba tena kuonyeshwa kaburi tangu siku hiyo. Watu walimsifu kwamba amepata amani uzeeni, na mimi niliitikia. Haikuwa amani. Nilikuwa namwona akidhani niko jikoni, ameweka lile fundo sikioni, anatikisa, anasubiri. Kutu ilikuwa imeshika tena ndani, haikutoa kitu. Nilikuwa narudi nyuma taratibu, halafu naingia kwa kupiga kelele na vyombo ili ajue nakuja. Nilikuwa na hasira siku hizo zote na sikujua nimpe nani. Nilimkasirikia baba na muwati wake. Nilimkasirikia hata yule mtoto, nisiyemjua, kwa kumshikilia mama yangu muda mrefu kiasi kile.

Mwaka huu parachichi zilianza kuzaa. Mdogo wangu alikuja tena na basi la asubuhi, safari hii na ndoo, na kwa mara ya pili alitua mzigo mbele ya jiko langu kabla ya salamu. Malimbuko, akasema. Hajauza hata tunda moja, hajaonja hata mkewe. Ya kwanza ni ya mama. Alikuwa na tabasamu lilelile.

Tulikaa barazani tena, watatu, kwenye mkeka uleule. Akachagua lililoiva vizuri, akalipasua, akatoa kokwa, akanyunyiza chumvi, akamwekea mama mkononi na kijiko. Mama akainamisha kichwa kuomba. Aliomba kimoyomoyo, muda mrefu, mkono mmoja umeshika tunda na mwingine uko kwenye ncha ya kitenge. Mdogo wangu alifurahi kuona sala ndefu namna ile kwa ajili ya shamba lake.

"Ni la mti upi?" mama akauliza.

"Ah, mama, miti yote ile nitajuaje?" Akacheka. "Ila mengi ni ya mstari wa katikati. Ule umekubali kuliko yote. Sijui pana nini pale."

Nilishusha macho. Sikuthubutu kumtazama mama, nilitazama mikono yake. Kijiko kilisimama. Halafu kikashuka, kikachota, kikapanda. Alitafuna taratibu ingawa parachichi haihitaji kutafunwa. Alikula mpaka kijiko kikakwaruza ganda, na ganda akaliweka mapajani, hakulitupa.

"Tamu, baba," akamwambia. "Tamu sana. Asante."

Mdogo wangu alishasimama kwenda kuongea na watu wa chai, kuwaonyesha ndoo yake. Mama akapapasa mkeka mpaka akaipata nusu ya pili, iliyobaki. Akanisogezea.

"Na wewe kula," akasema. "Ni dada yako."

Nikachukua kijiko.